"Imekula kwako": ni nini hasa kilichokula?

#1 MkaziNkuhungu
Wakuu, salaam. Naomba tulichambue hili neno "kula", hasa kwenye "imekula kwako". Kutwa tunaambiana: ukichelewa treni imekula kwako, ukimkopesha shemeji bila maandishi imekula kwako, ukinunua kiwanja kwa dalali usiyemjua imekula kwako. Swali langu: ni nini kilichokula? Hiyo "i" inasimama badala ya nini, na imekula nini? Kula lazima kuwe na mlaji na kuwe na kinacholiwa. Dai langu ni kwamba anayekula ni hasara, na inayoliwa ni mali yako. Ila fundi wangu wa gari amekataa katakata, anasema neno limetoka gereji. Wenye kulijua watiririke. Na misemo mingine ya kula iwekeni humu humu, maana hapa Dom imejaa kila kona.

#2 KijanaSabasaba
Nipo siti ya mbele. Nianze na ya kwetu bodaboda: kula hesabu. Bosi anataka hesabu yake jioni, wewe umeipitisha kwa mama ntilie, iliyobaki ukaiweka kwenye mkeka wa kubashiri mpira. Hapo umekula hesabu, na kesho pikipiki anapewa mwingine.

#3 GerejiKizota
Huyo fundi anajua anachosema. Lete gari linalovuta upande nikuonyeshe. Nalinyanyua kwa jeki, navua tairi la mbele, napitisha kiganja. Upande wa nje kashata zote zimesimama, ukizigusa zinakwaruza. Ukiingiza vidole upande wa ndani ni kipara, laini kabisa, na ukiangalia kwa tochi unaona nyaya zinaanza kuchungulia. Hapo hatusemi tairi limechakaa. Tunasema "tairi imekula ndani". Kuna inayokula nje, kuna inayokula katikati kwa sababu ya upepo kuzidi, kuna inayokula kingo zote mbili kwa upepo mdogo. Na kwa kuwa matairi ni mawili mbele, tunamwambia dereva: "imekula kwako", yaani upande wake, au "imekula kwa konda". Hiyo "i" unayoitafuta ni tairi, mkuu. Neno limetoka chini ya gari likapanda kwenye siti, likashuka na abiria.

#4 MamaZabibu
Hii ya Gereji nimeipenda. Kumbe ndiyo maana kila mwezi naambiwa ninunue tairi moja tu.

#5 MwalimuMpwapwa
Vijana, tuweke msingi kwanza. Mzizi wa neno hili ni "-la", herufi mbili tu. Kwa kuwa ni silabi moja, linaibeba "ku" kwenye anakula, amekula, atakula, na kuiacha kwenye hali, hajala, asile, nile. Tabia hiyo unaikuta kwa -fa, -nywa na -ja. Kutoka kwenye hizo herufi mbili tumepata chakula, yaani kitu cha kula, tukapata mlo, mlaji, ulaji. Hata mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Kwa lugha nyingine za kwetu mzizi ni huo huo: Mgogo anasema kulya, Mrangi anasema kurya. Neno lina umri mkubwa kuliko gari lolote.

Na wewe Gereji, "tairi" liko kundi la li-ya. Tairi limekula, matairi yamekula. Kama neno lingetoka kwenu, leo tungesema "limekula kwako".

#6 GerejiKizota
Shikamoo mwalimu. Kwa heshima yote, njoo hapa Kizota usikilize siku moja. Hakuna fundi anayesema "tairi limekula". Ni "tairi imekula", "injini imekula oili", "klachi imekula". Neno likizaliwa gereji linazaliwa na sarufi ya gereji.

#7 MwalimuMpwapwa
Marahaba. Hilo la "tairi imekula" kweli nalisikia hata kwa watu wenye shahada.

#8 MzaniKibaigwa
Nawasoma, lakini mmeruka chanzo. Njooni soko la mahindi hapa Kibaigwa msimu wa mavuno. Mkulima ametoka kijijini na gunia zake, anajua kabisa amezijaza. Zikipanda mzani, kilo zinapungua. Anauliza, anaambiwa mzani ndivyo ulivyosoma. Sisi tunaita "mzani unakula". Unaweza kula kwa mkulima, unaweza kula kwa mnunuzi, inategemea nani kaukaza. Wakulima wakitoka pale wanaulizana: "Umekula kwa nani leo?" Jibu: "Umekula kwangu." Na kabla ya mzani ilikuwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu likabeba debe za ziada kwa bei ya gunia moja. Nayo ilikula kwa mkulima, mpaka ikapigwa marufuku, na bado wapo wanaojificha nayo. Kwenye mzani kuna pande mbili, na "kwako" inahitaji pande mbili. Tairi halina upande wa kwako na wa kwangu. Lina ndani na nje.

#9 GerejiKizota
Mzani ni "u", mkuu. Umekula kwako. Mwalimu ameshanibana na "li", sasa na wewe ubanwe na "u".

#10 MwanaUDOM
Naomba niingie hapa, maana ndiyo ninayoyasoma. Hiyo "i" msiitafutie nomino. Kiswahili kina "i" isiyorejelea kitu chochote mahususi. Tunasema "imekuwaje?", "inatosha", "imeisha hiyo", "ikibidi", "inasemekana". Hakuna anayeuliza ni nini kimetosha. "Imekula kwako" imejengwa hivyo hivyo. Hali yote, mambo yote kwa jumla, yamegeukia upande wako.

Na angalieni kitu kingine. Msemo huu una upande mmoja. Huwezi kushinda bahati nasibu ukasema "imekula kwangu". Ni hasara tu, kila mara. Pia kwenye kukanusha unakwama: hakuna anayesema "haijala kwangu". Tunazunguka, tunasema "haiwezi kula kwangu" au "haitakula kwangu". Na kwenye masharti mtaa umegawanyika: wengine "ikila kwako usinitafute", wengine "ikikula kwako". Mwalimu atasema sahihi ni ipi.

#11 MwalimuMpwapwa
Ikila. Kama ikija, ikinywa, ikifa. Hiyo nyingine ni ya vijiweni.

#12 KijanaSabasaba
Kijiwe chetu ni "ikikula" na hatubadilishi.

#13 KorongoKondoa
Nimekaa kimya nikisubiri mtu wa kwetu aseme, hajatokea. Mimi nimekulia Kondoa, kwenye vilima vya Irangi. Huko neno hili lilikuwa la ardhi. Korongo linaanza kama mchirizi wa maji kando ya njia, upana wa jembe. Mvua ikija kwa nguvu, kingo zinaporomoka. Mwakani unaweza kusimama ndani usionekane kichwa. Kama liko mpakani mwa mashamba mawili, halili sawa. Ule upande wenye udongo laini ndio unaokwenda, muhogo unaning'inia mizizi ikiwa nje, na siku moja unakuta mstari mzima umedondoka. Majirani wanasema "mwaka huu limekula kwa fulani". Baba alikuwa akitoka asubuhi baada ya mvua ya usiku na jambo la kwanza aliloulizwa na mama ni: "Limekula kwetu?"

Wasiojua historia, hali ilikuwa mbaya mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye lile eneo la vilima ili ardhi ipone. Watu walihama na ng'ombe wao. Kwa hiyo kwetu "kula kwako" haikuwa maneno ya mzaha. Ilikuwa ni shamba kuhama.

#14 MamaZabibu
Korongo, umenigusa. Hapa Makutupora wa kwetu ni mchwa. Wanakula nguzo ya mzabibu kwa ndani, kwa nje unaiona nzima, siku unaegemea unaanguka nayo.

#15 MkaziNkuhungu
Ahsanteni sana, uzi umenoga. Hadi sasa tuna hasara, tairi, mzani, "i" ya hewani na korongo. Hii ya korongo ina uzito, ila nayo ni "li".

#16 BikoniIyumbu
Msiende mbali mpaka Kondoa, chanzo kipo hapa hapa mjini. Ni viwanja. Jirani akijenga fensi usiku na usiku, asubuhi unakuta bikoni, lile jiwe la mpaka, iko ndani ya ukuta wake. Unapima kwa tepu, mita moja na nusu haipo. Unasema nini? "Fensi imekula kwangu." Fensi ni "i", mwalimu hana pa kunibana! Pande mbili zipo, Kibaigwa hana pa kunibana. Na hasara ipo, aliyeanzisha uzi atafurahi. Mji huu ulitangazwa makao makuu 1973, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikapima viwanja mpaka ilipovunjwa 2017, na tangu serikali ihamie watu wanagombania kila hatua ya ardhi. Msemo kama huu lazima ukue hapa.

#17 MzeeWaHombolo
Kijana, CDA haikupima fensi za usiku. Lakini hoja yako ya "i" imekaa vizuri.

#18 MwanaUDOM
Bikoni, tatizo ni kwamba msemo huu unatumika Tanga, Mwanza, Mbeya, na hata watu wasiowahi kumiliki kiwanja wanautumia. Ukiweka chanzo Iyumbu lazima utuonyeshe ulivyosafiri.

#19 BikoniIyumbu
Ulisafiri na wabunge. Wanakuja kila kikao, wanarudi majimboni nao.

#20 MnyamaAreaC
Wakuu mmesahau muhimu. Kula tano! Mtu akisema jambo zuri unanyoosha kiganja, "kula tano", anagonga. Hapo kula ni kupokea zawadi. Kwa hiyo kula siyo hasara kila mara.

#21 JangwaniMakole
Mnyama ndiye wa kutufundisha maana ya kula tano. Tarehe 5 Novemba 2023, uwanja wa Mkapa, Simba mlikula tano kwa Yanga mkarudisha moja. Mnaijua maana yake vizuri kuliko sisi.

#22 MnyamaAreaC
Na tarehe 6 Mei 2012 mlikula tano bila kurudisha hata moja. Endelea na hesabu zako, mtani.

#23 JangwaniMakole
2012 hata simu yangu ilikuwa ya tochi, sikuona.

#24 Msimamizi
Mpira una jukwaa lake. Pia natangulia kusema: kuna maana moja ya kula ambayo kila mtu mzima anaijua, pamoja na kula denda, kula tunda na jamii yake. Inatosha kuitaja kwa mbali. Watoto wanasoma humu.

#25 DadaChangombe
Msimamizi ahsante. Mimi nataka kula nauli ijadiliwe, maana wanaume wa humu wanalalamika kila siku kwamba wameliwa nauli. Mnatuma nauli kwa mtu mliyeonana naye kwenye simu tu, mnamwambia apande treni ya SGR kutoka Dar aje Dodoma, asipokuja mnasema kala. Mbona akija mkamwacha kwenye kiti cha stesheni masaa mawili hamsemi mmekula muda wake?

#26 KijanaSabasaba
Dada, anayekula nauli huwa anazima na simu. Hilo ndilo linaloumiza.

#27 DadaChangombe
Mkate tiketi kwa jina lake, msitume fedha. Nauli haitaliwa.

#28 MzaniKibaigwa
Hapo dada umetoa elimu ya bure.

#29 MamaNtilieJamatini
Habari zenu wanangu. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Mimi napika stendi ya Jamatini, kazi yangu ni watu kula. Nashangaa hakuna aliyeona maana iliyo wazi kabisa. "Kwako" ni nyumbani kwako. Mgeni akija akala kwako, gharama ni yako. Akila kwangu, gharama ni yangu. Tukiwa tunagawana wageni wa msiba, mnaulizana: basi la watu wa Singida linakula kwa nani? "Linakula kwako, sisi tumepokea la Manyoni." Basi limekula kwako maana yake sufuria ni lako, kuni ni zako, mchele ni wako, na wao wanaondoka wameshiba. Hakuna fundi wala mzani hapo.

#30 MzeeWaHombolo
Nimefurahi mama umesema. Hata mimi nilikuwa nakwenda huko. Ugogo ni nchi ya mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari uwele unanyauka ukiwa na kimo cha goti. Wazee wetu walizitaja njaa kwa majina kama wanavyotaja watoto. Ile ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa imepita hapa, majeshi yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Watu walitembea kutafuta pa kula, kwa jamaa, kwa marafiki wa kuchanjiana damu, mpaka nchi za mbali. Bibi yangu alizaliwa baada ya hapo na bado alikuwa na kawaida ya kuuliza juu ya mtu yeyote: "Huwa anakula kwa nani?" Hakuuliza anaishi wapi. Kwake, kwa nani unakula ndiko kwenu. Ndiyo maana naona kula kwako ni neno zito, limebeba nani anamlisha nani.

#31 KorongoKondoa
Mzee Hombolo, shikamoo. Hilo la bibi linaeleweka mpaka kwetu. Lakini mgeni kula kwako ni sifa, ni heshima ya nyumba. Ilikuwaje ikageuka kuwa hasara?

#32 MamaNtilieJamatini
Mgeni mmoja ni heshima, mwanangu. Basi zima uliza mwenye jiko.

#33 MzeeWaHombolo
Marahaba Korongo. Mjini ndiko kulikogeuza. Kijijini anayekula kwako leo, kesho unakula kwake. Mjini anakula, anapanda daladala, humwoni tena.

#34 DraftiMajengo
Nilikuwa nacheza, nimeingia sasa hivi. Mnazunguka mbuyu. Neno ni la drafti. Ukionyeshwa kete lazima ule, sheria haikuruhusu kukataa. Mimi nakulisha moja kwa makusudi, unakula kwa furaha, umefungua njia, nakula tatu na kuingia kingi. Hapo watazamaji wote wanapiga kelele: "Imekula kwako!" Yaani ile kula uliyokula imekugeukia. Ndiyo maana msemo huu unauma, kwa sababu aliyekula ndiye aliyepata hasara. Hakuna maelezo mengine humu yanayoonyesha hilo. Tairi halikutegwa. Korongo halikumlaghai mtu.

Na kwenye mifano ya #1 angalieni: kiwanja cha bei rahisi kwa dalali usiyemjua. Si umelishwa kete hapo?

#35 MwanaUDOM
Drafti, hii ni hoja nzito. Umeeleza hisia ya msemo, ambayo mimi na "i" yangu sikuigusa. Lakini anayechelewa treni hajalishwa kete na mtu.

#36 DraftiMajengo
Kalishwa na usingizi.

#37 GerejiKizota
Hahaha, kula tano Drafti. Tairi halijashindwa lakini.

#38 JangwaniMakole
Karata nazo je? Kwenye karata pia unakula. Na kamari unaliwa. "Nimeliwa" ya kwenye mikeka imetoka huko, wala siyo kwenye drafti.

#39 MamaZabibu
Kwa kina mama kula ni neema. Kwenye mchezo wetu wa kila wiki, kijumbe anapanga namba, na siku yako ikifika unakula. "Wiki hii anakula nani?" "Anakula mama Neema." Anakula hela zote za wenzake, na kila mtu anampongeza. Anayeogopwa ni yule anayekula namba ya kwanza halafu kuchangia hataki. Huyo amekula kona.

#40 KijanaSabasaba
Kula kona ni kutoweka. Nayo ni ya madereva, hakuna ubishi. Unakunja, huonekani.

#41 GerejiKizota
Ahsante, angalau moja imebaki kwenye magari.

#42 DadaChangombe
Mimi inayonichanganya ni "nitakula naye sahani moja". Kwetu kula sahani moja ni mapenzi. Ndugu wanakula sahani moja, maharusi wanakula sahani moja. Lakini mkubwa akisimama jukwaani akasema "atakayeuza mbolea feki nitakula naye sahani moja", watu wanatetemeka. Kwa nini?

#43 MwalimuMpwapwa
Swali zuri, binti. Wapo wanaosema ni kwa sababu kwenye sahani moja mnaonana mikono. Kila tonge analomega mwenzio unaliona, hawezi kukuficha kitu. Kwa hiyo mkubwa anasema: nitakuwa karibu nawe kiasi hicho. Wengine wanasema ni usawa wa mashindano, kwamba leo sikupi sahani yako pembeni, tugombanie hii hii. Mimi naegemea ya kwanza, kwa kuwa nimekula sahani moja na kaka zangu wanne, na hakuna uangalizi mkali kama ule. Ukimega mboga mara mbili mfululizo unaangaliwa mpaka unarudisha mkono.

#44 MzeeWaHombolo
Hasa ikiwa ni ugali wa uwele na mlenda. Ukivuta mlenda unakuja wote, huwezi kusema umechukua kidogo.

#45 BikoniIyumbu
Mwalimu, na kula kiapo? Bunge jipya likianza hapa mjini wabunge wanakula kiapo mmoja mmoja, tunaangalia kwenye runinga, sijaona wakitafuna kitu.

#46 MwalimuMpwapwa
Zamani walitafuna na kunywa. Kiapo kwa babu zetu hakikuwa maneno tu, kilikuwa dawa. Mtuhumiwa alinyweshwa au kulishwa, akidhurika ana hatia. Mwavi ni mfano unaojulikana sehemu nyingi za nchi hii. Dawa ilipotoka, neno likabaki.

#47 MwanaUDOM
Shikamoo mwalimu. Hapo nina swali. Tunasema pia kula yamini, na yamini ni neno la Kiarabu lenye maana ya kiapo na ya mkono wa kuume. Pia kula njama, na njama ni shauri la siri. Kula hasara, kula mweleka, kula riba. Hakuna dawa kwenye yote hayo. Kwangu "kula" hapa ni kitenzi cha kupokea jambo likakuingia na kukaa, jema au baya. Amekula kiapo, kimemwingia. Amekula ngumi, zimemwingia. Amekula mvua thelathini, miaka ya jela imemwingia.

#48 MwalimuMpwapwa
Marahaba. Ya kupokea naikubali kwa ngumi na mvua. Kwa kiapo nabaki na dawa.

#49 MzaniKibaigwa
Na "amekula chumvi nyingi" je? Hiyo ya uzee.

#50 MzeeWaHombolo
Hiyo ni rahisi. Kila siku unakula chumvi kidogo, ukizidisha kwa miaka unapata nyingi.

#51 KijanaSabasaba
Na kula bata? Wakubwa wanakula bata, wanakula kuku kwa mrija. Mbona kuku na bata tu, mbuzi wa mnada wa Msalato hahesabiki? Jumamosi pale nyama inachomwa na moshi unaonekana kutoka barabarani, na hakuna msemo wake.

#52 JangwaniMakole
Bata ni kwa sababu hana haraka. Mwangalie anavyotembea, kama aliyemaliza madeni. Anayekula bata anaishi vile.

#53 MamaNtilieJamatini
Siyo. Bata ana kazi jikoni, manyoya yake hayatoki kirahisi, nyama yake inataka moto mrefu. Anayekula bata ana mtu wa kumpikia. Mimi sipiki bata hapa Jamatini, hakuna mteja wa kumsubiri.

#54 MnyamaAreaC
Mama, ukipika uniite, nitasubiri.

#55 DadaChangombe
Kabla hatujaondoka, kula buyu. Mtu ukimuuliza jambo akanyamaza, tunasema kala buyu. Lakini ubuyu huo huo ni umbea! "Nina ubuyu" maana yake nina habari za watu. Ukila buyu unanyamaza, ukiwa na ubuyu unaropoka. Hapo mtanieleza nini?

#56 KorongoKondoa
Ukiwa na mbegu za ubuyu mdomoni unamung'unya, hutaki kusema mpaka sukari iishe. Ndiyo kunyamaza. Kilichobaki kwenye pakiti ndicho unachowagawia wenzio, na hapo maneno yanaanza.

#57 MzaniKibaigwa
Siyo ubuyu wa pakiti. Buyu ni lile zima, gumu, halina mdomo. Mpaka ulipasue kwa jiwe.

#58 KijanaSabasaba
Sasa kula kobisi nayo ni nini? Maana nayo ni kunyamaza.

#59 Msimamizi
Ubuyu na kobisi vifunguliwe uzi wao, huu umeshakuwa mrefu. Dada Chang'ombe ndiye mwenye swali, aanze yeye.

#60 DadaChangombe
Naufungua jioni nikitoka kazini. Korongo na Kibaigwa njooni wote wawili, na mwenye picha ya mibuyu ya njia ya Mtera, matunda yakiwa bado juu, aje nayo.